Baiskeli Niliyomdai Mwalimu kwa Sauti ya Mama

Nianze na ujinga wenyewe, maana hata nikianza na mengine tutaufikia tu. Jumapili moja baada ya misa nilipokea simu ya mchumba wa dada yangu, nikajifanya mama, nikamdai baiskeli. Si baiskeli ya mama. Mama alipanda baiskeli mara moja tu maishani, siku alipobebwa kupelekwa kunizaa mimi, na husema kwa jinsi alivyorushwarushwa barabarani alijua mapema kwamba mzigo huu utamsumbua. Mimi nilidai baiskeli ya "kijana wangu wa kidato cha pili, ana akili sana yule, ila bomba liko mbali."

Sikupanga. Ujinga wa kupangwa una hesabu, na mimi hesabu hazinipendi. Huu ulinitoka tu, kama chafya.

Lakini kipaji nilikuwa nacho, nisijishushe. Sauti yangu ilichelewa kukomaa. Wenzangu darasani walikuwa wameshaanza kunguruma kama lori la baba, mimi bado naimba sauti ya kwanza na akina mama kwenye kwaya. Kwa sauti hiyo niliweza kumwiga yeyote. Nilikuwa mtumishi wa altare mpaka siku nilipokohoa kikohozi cha Padre wakati Padre mwenyewe hajakohoa. Waumini wakasimama, Padre akabaki anajitazama. Utumishi ukaishia hapo. Mama nilimwiga bora kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyenisema zaidi, kwa hiyo mafunzo nilipata kila siku na bila ada.

Sasa simu. Mwaka ule simu za mkononi ndiyo kwanza zimefika Songea. Kila kitu kilikuwa kinafika: mitumba, kandambili za rangi, biskuti za nchi ambazo hatukuzijua kwenye ramani. Mnara wa simu ulisimamishwa upande wa pili wa mji, na mtaa wetu ukiwa bondeni ukabaki kama mtoto aliyekosa kiti. Baba, ambaye ni dereva wa lori la mahindi na hulala Makambako kuliko anavyolala nyumbani, alituletea simu moja nene yenye kipembe. Mama akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama vile vya kufunikia makochi na redio. Simu ikawa inatoka nje imevaa kama mtoto anayekwenda kubatizwa.

Mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko letu. Ukisimama chini, hakuna kitu. Ukipanda, unapata. Kwa hiyo mtu yeyote wa mtaa wetu aliyepigiwa simu, na wote walipigiwa kwetu maana simu ilikuwa hiyohiyo, alipanda juu ya kichuguu na kuhutubia. Nasema kuhutubia kwa sababu watu waliamini sauti lazima ilingane na safari. Ukiongea na mtu wa Peramiho unaongea kawaida. Wa Makambako unapaza. Wa Dar es Salaam unapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inatoka, na kuku wanakimbilia uvunguni.

Ungedhani mtaa huo hauna siri. Zilikuwepo tele, ila zililindwa na sheria ambayo haikuandikwa popote na mimi niliijua kwa kofi. Jirani yetu, mzee aliyekuwa karani wa tumbaku kabla chama cha ushirika hakijafa, alipanda kichuguuni siku moja kumweleza mwanawe wa Dar es Salaam habari za busha lake. Alieleza upana na uzito. Alieleza jinsi anavyokaa na jinsi asivyoweza kukaa. Kisha akashuka, akairudisha simu kwenye kitambaa chake, akasema, "Mtoto anawasalimia."

"Nasi tunamsalimia," walijibu watu wote waliokuwa uani, huku wanaendelea na kazi zao.

Kesho yake akapita na kifurushi chake, amevaa koti, anaelekea stendi kupanda basi la Peramiho hospitali.

"Unakwenda wapi mzee?" mama akamwuliza.

"Kutembea kidogo."

"Haya, utembee salama."

Aliporudi mimi nikamwamkia, "Shikamoo babu, lile busha limeondoka?" Kofi la mama lilifika kabla ya marahaba.

"Nani kakwambia habari hizo?" mama akauliza.

"Alisema mwenyewe kwenye simu, mtaa mzima ulisikia."

"Alikuwa anakwambia wewe?"

"Hapana."

"Basi wewe hujasikia."

Hiyo ndiyo sheria ya kichuguu. Masikio yanaweza kupokea yanavyotaka, lakini mtu hajasikia mpaka ameambiwa.

Ni katika siku hizo alipokuja mhadhiri wa chuo kikuu, mama mmoja mwembamba wa miwani, kutoka Dar es Salaam. Mtaa ulimwogopa kwanza. Wengine walisema ni mtu wa kodi, wengine wakasema amekuja kuhesabu vyoo. Yeye akaja kwa mama, akaamkia, akaeleza kwamba anachunguza watu wanavyoishi na vyombo hivi vipya, simu na kompyuta, na hasa wanavyofanya ili mambo yao yasiwe ya kila mtu.

"Kwa neno moja," akasema, "natafuta faragha."

Mama akamtazama, akatazama uani, ambako wakati huo mtu alikuwa juu ya kichuguu akimweleza shemeji yake kwa nini hatamlipia mwanawe ada. "Karibu sana," mama akasema. "Hapa faragha iko nyingi. Kaa hapo chini ya mpera, utaisikia."

Akakaa. Alikuja karibu kila siku, na kigoda chake kikawa kigoda chake. Alikuwa na kinasa sauti kidogo, ukubwa wa mche wa sabuni uliokwisha nusu, na kabla ya kukiwasha alimwambia kila mtu maneno yaleyale: atakachosikia hapa hakitatoka mdomoni mwake kwenda kwa mwingine, na mtu akisema zima, anazima. Alituambia kwamba Dar es Salaam alikaa kwenye maduka ya kompyuta ambako vijana huandikiana barua za mapenzi wamejifunika kanga kichwa na kompyuta pamoja, na jirani anachungulia upande wa pili wa kanga. Alitaka kujua sisi tunajifunika nini.

Alimwuliza yule mzee wa busha. Mimi nilikuwa juu ya banda la kuku nikimlisha jogoo wangu mwekundu, kwa hiyo nilisikia, yaani sikusikia.

"Mzee, ukiongea pale juu, huoni watu wanakusikia?"

"Watu gani?"

"Hawa wote waliopo."

Mzee akageuza shingo taratibu. Mama anaosha vyombo. Mke wa mzee anapukuchua mahindi. Dada anapiga pasi. Mimi na jogoo. "Hawa wana kazi zao," akasema.

"Na kama ungekuwa na simu yako peke yako, ungeongelea wapi?"

"Hapohapo kichuguuni."

"Hata kama mtandao ungeshika chumbani?"

"Mama, chumbani yumo mke wangu."

Mke wa mzee akaendelea kupukuchua mahindi kwa amani kamili.

Mimi pia aliniuliza kama nina siri. Nikamwambia ninazo, ila zinauzwa kwa soda. Alicheka. Soda hakuleta.

Sasa nije kwa mwalimu. Dada yangu alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi, katika kijiji kimoja huko mbele ya Madaba. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na pengo lake la meno dada aliliona zuri, sijui kwa macho gani. Barua ya posa ilishafika na kupokelewa. Ilibaki wazee wao waje kupanga mahari, na dada alikuwa ameshaanza kupinda kitenge atakachovaa siku hiyo. Alikuwa anakipinda kwa mkono, pole pole, na kila jioni anakifungua kukitazama.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaongei. Hawatazamani pia. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini, na asipoingia yeye anaingia mwenzake, wakati mwingine wanaingia wote na njia inabaki tupu. Mpaka mahari yapite na mama atolewe zawadi ya kumfungua kinywa, basi. Siku moja mwalimu alikuja mjini kufuata mshahara, akamwona mama sokoni, akajibanza nyuma ya magunia ya mahindi muda mrefu mpaka mwenye magunia akaanza kumpunguzia bei.

Lakini simu haikuwemo katika mila. Mababu hawakusema kitu kuhusu sauti inayokuja bila uso. Mtaa ulijadili jambo hilo. Mzee wa busha alisema sauti si mtu, ni upepo. Mama akasema sauti ni mtu, tena ndiyo sehemu mbaya zaidi ya mtu. Simu ilikuwa ya mama, kwa hiyo hoja yake ikapita. Kila Jumapili baada ya misa mwalimu alipiga kutoka kibanda cha simu cha kulipia kijijini kwao, na mimi ndiye niliyewekwa kupokea, kusema "halo, subiri," na kumpa dada.

Jumapili ile dada alichelewa kwaya. Mama nilijua amekwenda jumuiya kusali rozari. Uani alikuwepo mhadhiri chini ya mpera na mke wa mzee na mahindi yake, hao tu. Simu ikaita. Nikapanda.

"Halo," ikasema sauti. Ilikuwa sauti ya ualimu, ile inayopanda mwishoni kana kwamba inasubiri darasa zima liitikie. Ijumaa iliyotangulia sauti kama hiyo ilikuwa imenichapa kwa kosa la kucheka kabla ya kichekesho. Damu ikanipanda.

"Halo," nikajibu, na ikatoka ya mama. "Nani mwenzangu?"

Upande wa pili kitu kikaanguka.

"Sh... shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimesimama vibaya kidogo, mama."

"Simama vizuri."

"Ndiyo, mama."

Naapa nilimsikia akisimama vizuri. Mwanafunzi wa kidato cha pili, namsimamisha mwalimu. Nani angeishia hapo?

"Umevaa kofia?"

"Ndiyo, mama."

"Unaongea nami na kofia kichwani?"

"Nimeshaivua, mama."

"Vizuri. Sasa, mahari ni ya wazee, mimi simo. Mimi nina kijambo changu kidogo. Nina kijana wangu hapa wa kidato cha pili, ana akili sana yule, sijui kama umewahi kusikia sifa zake."

"Nimezisikia, mama," akasema mwalimu, ambaye hakuwahi kuzisikia kwa sababu hazikuwahi kusemwa.

"Basi ana akili sana, ila bomba liko mbali. Anabeba ndoo kichwani, akili inabonyea. Mkija, mje na baiskeli."

"Mama, baiskeli niliyonayo ni hii moja ninayoendea shule."

"Ina kengele?"

"Inayo."

"Na keria ya kufungia ndoo?"

"Inayo, mama."

"Basi tumeelewana."

Nikakata. Nilisimama juu ya kichuguu kama mbunge. Kisha nikatazama chini. Mke wa mzee alikuwa anapukuchua gunzi lililokwisha mahindi zamani, analitazama kwa makini sana. Mhadhiri alikuwa amezima kinasa sauti, kidole bado kiko juu ya kitufe, na macho yake yako juu mperani kana kwamba pera limemwita.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nini?" akasema.

Alikuwa amejifunza haraka.

Nilingoja mtu acheke. Nilikuwa na mpango, ndiyo, mpango ulikuja baadaye: dada akirudi nitamwambia, tutacheka, atampigia mwalimu, watacheka. Lakini dada alirudi na njaa na kichwa kinamuuma, nikasema nitamwambia jioni. Jioni nikasema kesho. Unajua kesho zilivyo.

Katikati ya wiki akaja mshenga kutoka Madaba, mzee wa makamo, koti jeusi, viatu amevivua mlangoni. Baba alikuwa safarini, mama akampokea. Alikunywa togwa. Alisifu mvua. Aliuliza bei ya mbolea. Kisha akaweka kikombe chini na kusema, "Huko kwetu wazee wamesikitika kidogo."

Mtu wa kwetu akisema kidogo, jua paa limeezuliwa.

Alieleza kwa adabu, huku anaongea na kikombe. Mama mkwe amezungumza na mkwe, kwa kinywa chake, kabla hakijafunguliwa. Amemvua kofia. Amedai baiskeli ambayo kwa kijana ndiyo miguu yake ya kazi. Wazee wamekaa, wamejiuliza: hii ni nyumba isiyo na mila, au ni nyumba inayotukataa kwa mzunguko? Kama ni kukataa, waseme, barua irudi, kijana atafute kwingine.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, nimeuziba mdomo kwa mikono miwili.

Mama hakushtuka. Hakubisha. Alisema tu, "Nimesikia maneno yako, baba. Uwaambie waache Jumapili ipite, ndipo nitajibu."

Mshenga alipoondoka, dada akatoka chumbani. "Mama, kweli uliongea naye?"

"Jumapili itapita, mwanangu."

"Nauliza, uliongea naye?"

Mama akachochea moto. Dada hakupiga kelele, na mimi ningependa angepiga. Alikwenda akakichukua kile kitenge, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye pindo, akakikunja, akakiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya mablanketi. Tangu hapo hakumsemesha mama. Alipika, aliosha vyombo, kisha akaviosha tena vikiwa safi. Mama akabeba lawama ile kama anavyobeba kuni, bila kusema inamuumiza wapi.

Na mimi nikawa nachota maji. Sijawahi kuchota maji kama wiki ile.

"Maji yameisha," mama anasema.

"Mapipa yamejaa, mama."

"Kamwagilie mchicha."

"Mvua imenyesha asubuhi."

"Mchicha haukuambiwa." Na nikirudi na ndoo shingo imeingia mabegani, ananitazama kwa huruma kubwa. "Pole mwanangu. Una akili sana, ila bomba liko mbali."

Mtu mwenye akili kweli angekuwa ameshaelewa. Mimi nilimwona mama ana huruma.

Alhamisi nikashindwa. Nikamfuata mhadhiri chini ya mpera, nikachuchumaa. "Naomba umwambie mama."

"Nimwambie nini?"

"Ile simu ya Jumapili. Wewe ulikuwepo."

"Niliahidi nitakachosikia hapa hakitatoka kwangu. Sikusema isipokuwa kijana akifanya upuuzi."

"Lakini mimi mwenye siri nakuruhusu. Wewe una shahada, hawezi kukuchapa."

Akavua miwani akaifuta, na nikaona anajizuia kucheka. Kisha akaacha kujizuia, akawa na uso wa kawaida tu, uso wa mtu ambaye pia ana dada. "Nimezunguka mji huu nikitafuta nani anamiliki siri kwenye simu ya watu wengi," akasema. "Nilichopata mpaka sasa ni kwamba anayeimiliki ndiye anayeitoa. Mdomo unao. Tena unayo miwili. Safari hii tumia wa kwako."

Ijumaa sikuweza. Jumamosi niliweza nusu, niliingia jikoni nikasema, "Mama," akasema "Naam," nikasema "Nakwenda kuchota maji." Hata yeye alicheka kidogo kwa pua.

Jumapili, baada ya misa, dada alikuwa amekaa mlangoni amelipa jiko mgongo. Nikaingia. Mama alikuwa anakaanga dagaa.

"Mama, ile simu."

"Simu gani?"

"Ya mwalimu."

"Mwalimu yupi? Walimu ni wengi."

"Wa dada. Aliongea na mtu."

"Aliongea na nani?"

Akanipeleka hivyo, swali baada ya swali, mpaka nilipoyataja yote, kofia, kengele, keria na akili kubonyea. Dagaa ziliungua na hakuzigeuza. Nilipomaliza akaepua karai.

"Sasa nimesikia," akasema.

Dada alikuwa ameshasimama na mwiko mkononi, na ule mwiko ulinipata pale unapokutana mgongo na shati. Kisha akamgeukia mama. "Mama, wewe ulijua?"

"Jumuiya nilirudi njiani, nilisahau rozari. Nimeinama hapa nachochea moto, nikasikia sauti yangu iko nje, inagombana na mtu. Nikajishika kwanza nione kama nimo."

"Na ukaniacha nikununie siku zote hizi?"

"Nilikuwa sijaambiwa, mwanangu. Ningesema nini?" Akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na simu, akaivua kile kitambaa. Sijawahi kumwona akiivua mbele za watu. Akanipa mimi. "Panda. Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Mimi siongei na mkwe wangu. Nitauambia mpera, wewe utaiambia simu."

Nikapanda. Mama akasimama chini, mgongo kwangu, kanga kichwani, uso kwenye mpera. Mhadhiri alipoona hivyo akazima kinasa sauti chake, akasogeza kigoda, akageukia ukuta. Mzee wa busha alikuwa uani kwake. Akachukua ufagio, mtu ambaye hajawahi kufagia. Mkewe akakohoa kikohozi cha kazi. Mtaa mzima ukapata shughuli.

Mwenye kibanda akapokea, nikamsikia akiita, "Mwalimuuu, Songea," na huko nako nikasikia kijiji kinanyamaza.

"Halo," akasema mwalimu, sauti imekauka.

"Mwambie aliyeongea naye si mimi," mama akauambia mpera.

"Mwalimu, shikamoo. Mama anasema aliyeongea na wewe si yeye."

"Mwambie ni nani."

Nikatazama mawingu. "Mama, mtandao unakatika."

"Mtandao upo. Mwambie."

"Ni kijana mmoja wa hapa nyumbani," nikasema kwenye simu.

"Nyumbani hapa kuna vijana wangapi?" mama akauuliza mpera.

"Mmoja," nikasema kwenye simu.

"Ni yule wa kidato cha pili?" akauliza mwalimu.

"Ndiye."

"Yule mwenye akili sana?"

Mzee wa busha akadondosha ufagio. Mabega ya mhadhiri yakaanza kutikisika huko ukutani.

"Ndiye," nikasema.

"Ilikuwa sauti ya mama kabisa," mwalimu akasema. "Mimi kofia niliivua kweli."

Nikaufikishia ujumbe mpera. Mama akawaza. "Hivi ndivyo ninavyosikika?" akauliza, na hakuna mtu uani aliyesikia swali hilo.

Nikaomba msamaha kwa sauti yangu, na kwa vile Madaba ni mbali kuliko Peramiho, niliuomba kwa kupaza, nadhani hata watu wa sokoni waliupata. Simu ikachukuliwa na mtu mwingine, sauti nzito, mjomba wake. Mjomba akauliza kama nyumba yetu ina kuku. Nikasema wapo. Akauliza kama huyo mtoto ana kuku wa kwake. Nikatazama banda. Jogoo wangu, ambaye hajui siasa, akawika papohapo.

"Huyohuyo," akasema mjomba. "Tukija Jumamosi ijayo, huyo ndiye atakayetuondolea kinyongo. Na kijana mwenyewe ndiye atakayemchinja."

Jumamosi ijayo. Nikaurudia ujumbe wote, hata sehemu ya jogoo, na nilipofika kwenye neno tukija, dada akaingia chumbani mbio. Tulisikia sanduku likifunguliwa na mablanketi yakitupwa chini.

Ndipo mtu akanipokonya simu. Ni dada, ametoka na kitenge begani, sindano inaning'inia kwenye uzi. Akapanda kichuguuni, akanisukuma nikashuka kwa makalio, akaanza kuongea na mwalimu. Hata Madaba ilivyo mbali, aliongea chini chini, mdomo umegusa simu. Wale wote waliokuwa uani, kwa mara ya kwanza tangu simu ifike, waliinuka mmoja mmoja na kwenda zao kweli.

Kabla ya kuondoka Songea, mhadhiri alimwomba mama ruhusa ya kuandika kisa kile kwenye kitabu chake cha chuo. Mama akamwambia aandike, ila asitaje mtu, maana wenyewe wakijisoma watajijua na wasiojijua haiwahusu. Ndiyo sababu hata mimi humu sijataja.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumapili ileile jua lilipoanza kuegemea, nilikaa juu ya banda la kuku nikimtazama jogoo wangu, na yeye ananitazama kama mtu ambaye hajaambiwa. Mama akaja, akaweka ndoo mbili tupu chini ya miguu yangu. Nikamwuliza kama bado amenikasirikia kwa ile simu.

Mama akasema, "Simu gani, mwanangu? Mimi yameshanipita. Ila kesho alfajiri ukienda bombani, panda ile baiskeli yako."